Binti wa Sultani kwenye Benchi la Zahanati

Juzi nilikwenda zahanati ya Kisarawe kwa ajili ya kikohozi. Kwenye benchi la nje nilimkuta mama mmoja wa makamo akiwasomea wagonjwa wenzake kitabu cha hadithi. Kusoma amejifunza mwaka huu, katika darasa la watu wazima, kwa hiyo alikuwa akiyafuata maneno kwa kidole, polepole. Hadithi ilimhusu binti wa sultani aliyekataa mume aliyechaguliwa, akakimbilia nyumbani kwa mfinyanzi.

Dresa, mhudumu wa zahanati, akaita kutoka ndani, "Anayefuata!" Hakuinuka mtu. Akatoka amekunja uso. "Mmekuja kutibiwa au kustarehe?"

Mzee mmoja aliyeshika shavu kwa maumivu ya jino akamjibu taratibu, "Tuvumilie kidogo, bwana dresa. Askari wamefika mlangoni, na binti yumo ndani."

Dresa akaegemea nguzo. "Nyumba hiyo haina mlango wa uani?"

Tulicheka sote. Mama akasoma mpaka binti akatokea uani salama, ndipo mzee akakubali kwenda kung'olewa jino, kwa sharti kwamba asubiriwe.

Tulipokuwa tukimsubiri, nilimuuliza mama anapendea nini kusoma.

"Mwanangu, zamani nilikuwa nikisimuliwa na shangazi. Akisinzia, hadithi imeishia hapo, nami silali. Sasa hata mkisinzia nyote, mimi nafika mwisho."

Mzee akarudi na pamba mdomoni, akakaa, akamwashiria aendelee. Dresa aliponiita, nilimwachia zamu yangu aliyekuwa nyuma yangu. Naye akakataa.