Hogo la Mguu Wangu

Nilivunjika mguu wa kulia nikiteremka na mkungu wa ndizi kichwani, kwetu mlimani Matombo, kwenye shamba alilolima mama yangu, na mama yake kabla yake. Binti yangu akanileta kwake Kihonda, mjini. Hospitali wakanifunga hogo, ile plasta nyeupe, na kweli lilifanana na muhogo mkubwa uliomenywa. Walionihudumia nawakumbuka wote kwa majina, hata aliyenishika mkono. Majina yao nayaacha kinywani mwangu.

Nilichotaka ni kimoja tu, kurudi mlimani. Shamba letu ni la wanawake, mama humwachia binti, na binti yangu alishaanza kusema, "Mama, kule basi. Kwa mguu huo hupandi tena."

Mwanzoni daktari alinikataza kukanyaga, nikatii. Baadaye akasema nianze kidogo kidogo, na magongo. Hapo ndipo tulipokosea. Binti yangu akaona mtu mzima hasumbuliwi. Uji mkekani, maji mkekani, mguu juu ya mto, nimewekwa ndani kama mwali. Nami nikanogewa, nisiseme uongo.

Tuliporudi hospitali, daktari akaitazama picha ya mfupa, akakunja uso.

"Bibi, mguu unaukanyagia?"

"Thubutu! Nimeutunza."

"Umeuponza, bibi yangu. Ndani ya mfupa mna seli, vitu hai vidogo, macho hayavioni. Vinahisi. Ukivielemea kwa kiasi, vinajua kuna kazi, vinajenga. Mguu ukilala, navyo vinalegea."

Nikacheka. Jambo hilo mbona nalijua! Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinitwisha kikopo cha maji, kisha kibuyu, kisha ndoo. Hakuna shingo iliyokomaa kwa kulala. Kumbe na mfupa hutwishwa.

Jirani yetu, mama wa Kinyamwezi, ni mtani wangu, maana mimi Mluguru. Alipolisikia neno la daktari akachukua bakuli langu la uji, akaliweka mlangoni.

"Mluguru, hogo limeiva au bado? Uji huo hapo, ufuate!"

"Mama anateseka!" binti yangu akapiga kelele.

"Na afe njaa, tule ubwabwa wa msiba," mtani akajibu, akakaa kando ya bakuli na kijiko mkononi.

Nikaufuata, kwa magongo, hatua saba. Uji ulikuwa umepoa na sijapata kunywa mtamu kama ule. Kesho yake akauweka barazani. Wiki iliyofuata, kwake.

Picha ya mwisho, hogo limeshafunguliwa, daktari alinionyesha mahali mfupa ulipojishika. Binti yangu aliitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Basi nikufungashie nini, mama?"

Bodaboda ilinifikisha pale njia inapoishia. Kilichobaki nilikipanda mwenyewe, na fimbo, nikipumzika kila penye jiwe. Sijakaa sawasawa kwenye migomba yangu, simu ikalia. Mtani.

"Hogo limefika?"

"Limefika," nikamwambia. "Njoo ulichimbe mwenyewe huku juu, kama magoti yako yanaweza."