Wasindikizaji wa Zabuni

Admin, jina langu weka kapuni, mengine yaache kama yalivyo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Katubuka, namalizia shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu wakandarasi wanaopanga bei pamoja kabla ya kuomba zabuni. Nilichagua kazi za kambi za wakimbizi huku kwetu mpakani, maana tangu Warundi waanze kuvuka tena, madarasa na vyoo vya kujenga haviishi.

Mkandarasi wa kwanza niliyemhoji, pale Mwandiga, alinicheka. "Dada, huku hatugombani. Leo zamu yako, sisi tunakusindikiza. Kesho zamu yangu." Kumsindikiza mtu ni kupeleka bei ya juu makusudi ili yeye ashinde.

Jamani! Neno hilo nimelisikia nyumbani tangu utotoni. Baba yangu ni mkandarasi. Mama akimuuliza anakwenda wapi, alikuwa anajibu, "Namsindikiza mwenzangu." Mimi nilidhani wanakwenda kuposa! Nikajivunia baba yangu kwa kuwa mtu wa watu.

Halafu nikaenda kambini. Mvua ilikuwa inanyesha, watoto wamebanana upande mmoja wa darasa kwa sababu upande wa pili unavuja. Mwalimu wao, naye mkimbizi, aliniambia darasa halijamaliza hata mwaka. Kibao cha ukutani kina jina la kampuni ya baba. Nililia mbele ya wale watoto, sikuona aibu.

Nilipomuuliza baba hakukana. "Mwana wanje, mwanangu, hizo zamu ndizo zilizokusomesha. Futa hiyo sura kwenye utafiti wako. Unataka kuniumbua kwa wenzangu?"

Nikamwambia, "Shikamoo baba, lakini sifuti."

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Mama ananisihi niombe radhi. Radhi ya nini? Ningeomba kwa wale watoto, siyo kwa wakandarasi. Sijamtaja mtu wala kampuni, ila mji wetu mdogo, watajuana tu. Na wajuane!

Wiki ijayo natetea utafiti wangu. Msiniambie nifute, hilo nimeshakataa. Kinachoniuma ni kimoja. Siku naanza chuo, baba aliniahidi kwamba siku ya kutetea atavaa suti yake na kunisindikiza hadi mlangoni. Nampenda baba yangu. Nishaurini ndugu zangu, nimwombe bado anisindikize, au niingie peke yangu?