Nilimusingizia Jirani Sumu, Kumbe Ni Mahindi Yangu

Kosa ni langu, si la Mama Neema. Naandika hapa sababu kwa mudomo nimeshindwa.

Niko mama wa Munigi, nafuga. Mvua ilinyeshea gunia letu ndani ya depo, mahindi yakaota ukungu wa kijani. Muzee wangu, ndiye bwana yangu, akaniambia: "Mama, tupa hayo." Aka! Nitupe chakula, na maisha yalivyo huku? Nikayaanika juu ya mawe ya volkano, nikayapeleka kwenye mashini. Yakisha kusagwa, ukungu hauonekani tena. Sisi hatukuyala. Nilipatia ndama wangu wawili.

Mukubwa, mwenye kupenda kula, ndiye alianza. Akakonda, manyoya yakasimama, akahara. Macho yakawa manjano. Alikufa nikimushika kichwa.

Huku kwetu, mutu ao munyama akikauka hivyo, tunasema ni karuho, sumu ya kuwekewa. Nani alikuwa anakaribia ndama wangu? Mama Neema, jirani, mudeplase aliyekimbia vita Masisi na kuacha ng'ombe wake wote. Kila jioni aliwaletea majani ya viazi, akiwapapasa shingo. Nikasema: "Ni yeye." Nilisema mara moja tu, pale kwenye robine, tukichota maji. Yesu wangu! Ilitosha. Watu wakaacha kumusalimia, mwenye nyumba akamufukuza.

"Mama, mimi naweza kuua ndama?" Aliniuliza akifunga godoro lake.

Kisha yule mudogo naye akaanza kukonda, nikaita veterineri. Akaingiza mukono ndani ya gunia la unga, pale mulangoni pa zizi, akanusa. "Huu ukungu unaharibu maini. Ndama hawauwezi." Nikaacha ule unga, mudogo akapona. Ukweli nikaumeza. Hata kwa muzee wangu sikusema.

Juzi Mama Neema alinipigia simu toka Kiwanja, kule alikohamia. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Yule mudogo, alipona?"

"Alipona."

"Mungu asifiwe! Umupatie majani ya viazi, anayapenda."

Nikasema aksanti. Aksanti tu! Simu ikaisha, nikaenda kufagia zizi. Hata machozi hayakuja. Siku hizi nafagia, napika, nalala, basi.

Wewe unayesoma, mahindi yakiota ukungu usiyasage, tupa. Na kabla ya kutaja jina la mutu, angalia kwanza gunia lako. Langu lilikuwa pale mulangoni, wazi.