Nembo Nilizozifuta

Nakumbuka siku niliyomfuta bibi wa watu uso. Nilimfuta kweli, mstari kwa mstari, na nilipomaliza nikajipongeza.

Mdogo wangu, wewe uliyeniuliza namna ya kuifanya kamera ikulishe, nisamehe kwanza kwa kujifanya mzee. Watoto wa hapa mtaani Mtanda, Lindi, bado wananiita kaka, na ndevu zangu zenyewe zinasitasita kuota. Lakini aliyeumwa na nyoka hangoji mvi ndipo amwonye mwenzake. Kaa nikusimulie.

Picha sikufundishwa na mtu. Nilizaliwa Kilwa Kivinje, nikaja Lindi kukaa na dada yangu, nikapata kazi ya kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti kwenye kibanda cha stesheneri. Mengine nilijifunza kwenye simu, nikitazama video za watu wa mbali wenye ngozi laini kama sahani. Na nilikuwa na ugonjwa ambao, nikuambie ukweli, sijapona sawasawa. Nilikuwa siwezi kuiachia picha. Nikiona chunusi naiondoa, nikiona kunyanzi nalinyoosha, nikimaliza naanza upya. Ile picha ya mwanzo, yenye kasoro zake, nilikuwa naifuta kabisa. Niliona aibu hata kompyuta yangu kuwa nayo.

Siku moja akaja kibandani Mzee Dominiki, mkulima wa Rutamba, kutoa fotokopi ya karatasi za shamba. Akazitazama picha nilizobandika ukutani. Akaniambia mama yake mzazi hajawahi kupigwa picha yake peke yake, na mwezi unaofuata ukoo mzima unakusanyika kwa harusi ya binti yake Tekla.

"Nipigie mama," akasema. "Ikitundikwa sebuleni ikapendeza, harusi nayo ni yako."

Harusi! Sikuwa nimewahi kupewa harusi hata moja. Nilikwishamwambia dada kwamba siku nikipewa harusi naacha fotokopi, najiita mpiga picha mbele za watu.

Mama yake, Bibi Akwilina, nilimkuta barazani kwake Rutamba anabangua korosho. Ni Mmakonde wa zamani, aliyeshuka kutoka uwanda wa juu wa kwao akiwa mke mchanga. Usoni ana nembo, zile chale za mistari ya kuvunjikavunjika zilizosuguliwa makaa zikabaki nyeusi, kwenye paji la uso na mashavuni. Mdomo wa juu una tundu, mahali ilipokuwa ikikaa ndonya, kile kipande cha mti cha urembo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa kuja kunioa, meno yameshaondoka."

Nikacheka, nikampiga picha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Sisi watoto wa mjini pwani tulikua tukizicheka nyuso kama ile. Shuleni tulikuwa tukimtania mwenzetu, "Bibi yako kachorwa ramani." Nilipokuwa mkubwa kicheko kikaisha, ikabaki huruma, na huruma isiyouliza ni ndugu yake dharau. Nikadhani yule bibi amebeba mzigo miaka yote kwa kukosa mtu wa kumtua. Basi nikamtua mimi. Siku mbili nzima nilikaa kwenye kompyuta nikaziondoa nembo zote, nikaliziba tundu la mdomo, nikanyoosha na makunyanzi. Kisha nikaifuta ile ya mwanzo kama kawaida yangu. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu ya rangi ya dhahabu, nikapanda pikipiki kwenda Rutamba nimeikumbatia kama mtoto.

Nyumba nzima ilikusanyika. Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaigeuza, akatazama nyuma yake, akairudisha mbele.

"Huyu mama wa watu ni nani?"

"Si ni wewe, bibi!" akasema Tekla.

"Mimi? Huyu hata mdomo wake haujui kusema Kimakonde."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia.

"Baba, zile zangu umeziweka wapi?"

"Nimeziondoa, bibi. Ili upendeze."

Akasema polepole, "Nilichanjwa nikiwa msichana, mama yangu amenishika kichwa. Sikulia. Shangazi zangu wakaimba kwa sababu sikulia. Nilichokivumilia mimi kwa kisu, wewe umekiondoa kwa kidole." Akairudisha fremu mikononi mwangu. "Unataka niwe mzuri. Mimi uzuri niliupata kabla mama yako hajazaliwa. Nilikaa mbele yako uniangalie tu."

Mzee Dominiki akauliza kwa upole kama ninayo ile ya mwanzo. Nikasema nimeifuta. Akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia harusi wataitafutia mtu mwingine. "Usikasirike, kijana. Lakini ukimfuta na bibi harusi, bwana harusi atamjuaje?"

Mdogo wangu, wiki ile sikugusa kamera. Nilitaka kuiuza. Kilichoniuma zaidi hata si ile harusi. Nilikuwa na uso mmoja tu wa kuutunza, nikautupa, na mwenye uso ule ni mtu mzima sana. Vijana tunasahau kwamba wazee hawatungoji tujifunze.

Nikarudi Rutamba bila kuitwa. Njia nzima nilipanga maneno ya kujitetea. Nilipofika barazani yote yakanipotea, nikasema tu, "Bibi, nimekuja kuomba radhi."

"Kamera weka chini," akasema. "Leo hupigi. Leo unatazama."

Akanipa korosho za kubangua nikaungua vidole, akanicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kunionyesha uso wake, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake. Hii ya shavuni aliichagua mwenyewe, kwa kiburi cha usichana. Ile nyingine fundi aliikosea kidogo, na mumewe marehemu alikuwa akiipenda kuliko zote. Alipofika kwenye paji la uso, sauti ikashuka.

"Hii ni ya mama. Fundi alitazama ya kwake, akaifuata hivyo hivyo kwangu. Mama hana picha, baba. Alikufa hajapigwa hata moja. Mimi nikitaka kumwona naenda kwenye kioo."

Nikaacha kubangua. Kumbe kidole changu kilikuwa kimefuta watu wawili.

Kesho yake nikaenda tena, akaniruhusu kumpiga picha. Nikamkalisha kando ya dirisha ili mwanga uje wa ubavuni na kila chale isimame. Nikapiga, nikamwonyesha papo hapo. Akaitazama muda mrefu, akagusa paji la uso pale kwenye kioo cha kamera, akasema, "Eee. Hawa ndio sisi." Ile sikuigusa. Ndiyo iliyotundikwa sebuleni siku ya harusi, na harusi yenyewe ilipigwa na mtu mwingine. Lakini wageni waliiona ukutani wakauliza ni kazi ya nani, na wengine wakataka mama zao nao wapigwe hivyo hivyo. Kazi yangu ilianzia hapo, kwenye nyuso za wazee.

Basi nikuusie. Usingoje uwe bora ndipo uanze, wala usidhani kuanza kwako kumekupa ruhusa ya kusahihisha watu. Jifunze mwanga, jifunze mashine, lakini kwanza jifunze kukaa barazani. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mwenye kamera asiyeuliza huharibu hata cha mwenzake. Wasiwasi wako usiuonee aibu, maana unakufanya uwe makini. Ila uuelekeze kwenye kazi yako, usiuelekeze kwenye sura ya mtu. Mungu akupe jicho lenye adabu na mkono mtulivu, akukutanishe na watu watakaokukemea wangali wanakupenda, na riziki yako itoke mahali ulipoheshimu.

Mimi fotokopi niliacha. Picha ya mwanzo siifuti tena, na kabla sijagusa uso wa mtu, namuuliza mwenyewe.