Picha Zilizogoma Kufunguka

Nimekuwa karani wa serikali kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kazi ninayojivunia kuliko zote hakuna aliyenituma niifanye.

Nilikuwa bado binti, karani wa masjala kwenye kituo cha afya huko Newala, tulipoletewa makasha ya vifaa vilivyotumika: kompyuta moja, printa, na skana pana kama sinia la pilau. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, aliviangalia, akaniambia, "Karani, hivi ni vyako. Jifunze." Basi nikajifunza. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, nikakisoma na kamusi mkononi, ukurasa baada ya ukurasa.

Barua za kuskani zilikuwa chache. Kilichoniumiza roho kilikuwa madaftari ya zamani ya wodi ya wazazi. Yalikuwa makubwa, yenye majalada ya kijani, na ndani yake wakunga waliandika kila mama aliyejifungulia pale: jina lake, kijiji alichotoka, tarehe, mtoto wa kike au wa kiume, uzito wake. Ukungu wa Newala huingia hadi ndani ya kabati, na kurasa zilikuwa zimeanza kushikana na kunuka. Nikaanza kuyaskani, ukurasa mmojammoja, kila nilipomaliza kazi zangu. Msimu mzima wa mvua ulipita nikiwa kwenye kazi hiyo.

"Siku hizi umekuwa mpiga picha wa harusi?" wauguzi walikuwa wakinitania.

"Ndiyo," niliwajibu. "Maharusi wangu wamekaa kabatini siku nyingi."

Nilipomaliza, picha zote zilienea kwenye CD tano. Niliziweka kwenye kopo la biskuti, nikamkabidhi mganga. Baadaye nikahamishiwa Masasi, nikaolewa, nikazaa, nikalisahau kopo lile.

Sasa ni miaka michache imepita tangu mama mmoja wa Chiungutwa abishe hodi nyumbani kwangu. Alikuwa amenizidi umri, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye mkeka akikataa kiti. Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wameweka akiba ya korosho kwa miaka mingi ili waende Makka. Mume alifariki kabla. Yeye alitaka kwenda kwa ajili ya wote wawili. Ili aende alihitaji pasipoti, na pasipoti ilihitaji kitambulisho cha taifa, na kwenye kitambulisho ndipo alipokwama.

"Waliniuliza mama yangu alitoka wapi," alisema. "Nikasema kweli, alitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, nje ya mpaka. Wakasema basi nilete uthibitisho kwamba mimi nimezaliwa huku. Nimekwenda Newala nilikozaliwa, nikaambiwa stoo ilivuja, madaftari yameliwa na mchwa. Lakini muuguzi mmoja mzee akaniambia kuna karani aliyapiga picha. Ndiyo nimekufuata wewe."

Kesho yake nilipanda gari kwenda Newala. Mganga mfawidhi wa sasa, mwanamke aliyekuwa mtoto wa shule wakati ule, alilifukua kopo la biskuti chini ya kabati la dawa. Aliniandikia barua ya kuniruhusu kuchukua CD, nikarudi Masasi nimezikumbatia.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Akaingiza CD, majina ya mafaili yakaonekana, lakini hakuna hata moja lililofunguka. Alijaribu programu hii na ile. Nikakumbuka: programu ya ile skana ilikuwa ikihifadhi picha kwa mtindo wake yenyewe, na ni yenyewe tu iliyoweza kuzisoma. Fundi alitafuta kwenye mtandao, akaniambia walioitengeneza waliacha zamani na kompyuta za siku hizi haziijui.

"Mama, haya mafaili yamekufa," alisema. "Nikushauri ufute tu, utumie CD kwa kitu kingine."

"CD zangu nipe," nilimwambia.

Nilikasirika, lazima niseme. Lakini nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani hasira iligeuka kuwa swali: ile kompyuta ya kwanza iko wapi? Nilimpigia simu mganga wa Newala, naye akauliza wazee wa kituo. Jibu likaja siku ya tatu. Walipopata kompyuta mpya, ile ya zamani waliipa shule moja ya sekondari huko Chiwata.

Nilikwenda na bodaboda, yule mama wa Chiungutwa naye akaja na ya kwake. Mkuu wa shule, mwanamke mkarimu sana, alitufungulia stoo. Kompyuta yangu ilikuwa kati ya madawati yaliyovunjika, imefunikwa gunia. Tuliibeba hadi ofisini, tukaifuta vumbi, tukaichomeka. Ikanguruma kama mashine ya kusaga. Kioo kikawaka, kikaomba neno la siri.

Mkuu wa shule alisema, "Hili ndilo lililotushinda. Hatukuwahi kuitumia."

Niliweka vidole kwenye kibodi, navyo vikaandika vyenyewe. Kompyuta ikafunguka. Na pale kwenye kona, kapicha kadogo ka ile programu kalikuwepo, kama nilivyokaacha.

CD ya kwanza ilisoma, ya pili ikasoma. Ya nne ilikwama, nikaiosha kwa maji ya sabuni, nikaikausha kwa upindo wa khanga yangu, ikakubali. Yule mama hakujua tarehe yake. Alichoambiwa ni kwamba alizaliwa wakati wa kuokota korosho, mwaka ambao mvua zilichelewa. Tulitafuta siku mbili, ameketi pembeni yangu, mimi nikisoma majina ya akina mama kwa sauti.

Siku ya pili mchana nilisoma jina, akanishika mkono. "Huyo. Huyo ndiye mama."

Kijiji kilikuwa chenyewe. Mtoto wa kike, mzima. Chini yake, kwa mwandiko uleule wa mkunga, mstari wa pili: mtoto wa kiume, pacha, hakulia.

Aligusa mstari ule kwenye kioo kwa kidole. Kisha akasema, "Kumbe nilikuja na mwenzangu. Mama hakuwahi kuniambia." Alifuta machozi, akaniomba nimsomee tena, yote, nami nikamsomea.

Ukurasa ule niliuhifadhi upya, kwa njia ya programu ileile ambayo ujanani sikuijua, kama picha ya kawaida, inayofunguka hata kwenye simu. Ulichapwa, kituo kikaugonga muhuri, ofisi ya vitambulisho ikaupokea. Lakini sikuweza kuishia hapo. Nilichukua likizo yangu yote, nikapanga chumba Chiwata, nikafungua kurasa zote mojamoja na kuzihifadhi hivyo hivyo. Umeme ukikatika nilisubiri. Ukirudi niliendelea. Mume wangu alinilalamikia kwenye simu wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe na mchele na samaki wakavu, akakaa siku mbili akinipangia CD.

Leo watu huja kituoni Newala kutoka vijiji vingi, wengine wenye shida ileile ya mpakani, na karani aliyepo huwatafutia ukurasa wao kabla chai haijapoa. Fundi yule wa Masasi alikuja kuniuliza nilifanyaje. Nilimweleza yote, na nilifurahia kila neno, sitaficha.

Mama wa Chiungutwa alikwenda Makka na akarudi salama. Tulialikwa kwake siku ya maulidi ya kumpokea, mimi Mkristo nikakalishwa mbele pamoja na wageni wa heshima. Akasimama, mchovu wa safari lakini uso umenawiri, akawaambia watu wote waliokuwepo: "Kule nimejiombea mimi, nimemwombea mume wangu, nimemwombea na pacha wangu. Aliyenijulisha kwamba ninaye ni huyu hapa."

Watu waligeuka kunitazama. Sikuinamisha kichwa.