Fundi, Mkwe na Gia ya Wajawazito

Marehemu fundi, Mungu amlaze mahali pema, hakumdharau maskini wala mgonjwa hata siku moja. Dharau yake yote aliwawekea watu wanaonunua baiskeli kwa macho. Miaka thelathini na minane alikaa kwenye kibanda chake cha mabati, chini kabisa ya mlima wa hospitali, mikono imejaa grisi, na kila alfajiri aliwatazama wabeba mikate wakipanda.

Walikuwa sita. Kila mmoja alikuwa na kreti nne nyuma, na baiskeli ya gia ishirini na moja, yenye vyuma vya kung'aa vinavyoning'inia karibu na gurudumu. Na wote sita walikuwa wamefunga vishikio vya gia kwa vipande vya tyubu visisogee, kwenye gia nzito kuliko zote. Gia nyepesi waliiita gia ya wajawazito. Ole wake aliyethubutu kuitumia. Wenzake walimpigia vigelegele na kumuuliza mtoto atazaliwa lini.

"Mtu anajenga nyumba ya vyumba ishirini na kimoja," fundi alikuwa akisema, "halafu analala jikoni."

Ubaya ni kwamba mmoja wa hao sita alikuwa mkwe wake.

Mkwe huyo alinunua baiskeli yake bila kumuuliza mtu, sembuse baba mkwe mwenye kibanda cha baiskeli. Mwaka haukuisha, goti la kulia likaanza kuvimba. Akawa anashuka katikati ya mlima na kusukuma. Mara mbili mikate ilifika hospitali wagonjwa wamekwisha kunywa chai kavu. Mwenye tanuri akamwambia bila kuzunguka: ukichelewa mara ya tatu, kazi naipa pikipiki.

Binti wa fundi akaja kibandani na macho mekundu. "Baba, goti la mume wangu limekuwa kama boga. Kazi hii ikitoka, wanangu watakula nini?"

"Mwambie afungue ule mpira."

"Nimemwambia. Anasema afadhali goti kuliko kuchekwa."

"Basi goti lina akili kumshinda mwenyewe. Lenyewe limejua kulalamika. Mlete hapa."

Mkwe alikuja jioni akichechemea, baiskeli mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo baiskeli uliinunua kwa sababu gani?"

"Ina gia nyingi, baba. Ishirini na moja."

"Unatumia ngapi?"

Mkwe akatazama chini. "Ile ya wanaume."

Fundi alimtazama kama mtu anavyotazama tairi lililopasuka pande zote, akitafuta pa kuanzia. Usiku ule hakupata usingizi mapema. Kichwani alizipanga aina za gia alizozijua. Hizi za nje, zenye cheni ya kurukaruka, zilimfaa mtu anayezibadilisha na kuzisafisha kila siku. Mkwe wake hakufanya hata moja kati ya hayo. Gia tatu za ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ambazo matope hayazifikii, zingefaa mlima ule kuliko zote. Magurudumu mawili ya namna hiyo yalikuwa yakining'inia kibandani. Lakini tatu maana yake kuna kishikio, na kishikio maana yake kuna nzito na nyepesi, na huyu angeifunga nzito kwa mpira kabla hajafika kona ya kwanza. Baiskeli huchaguliwa kwa barabara na mzigo, hilo fundi alilifundisha maisha yake yote. Safari hii ilimbidi aongeze kiburi cha mwendeshaji.

Asubuhi aling'oa kila kitu: vishikio, waya, vyuma vya kuning'inia. Mbele aliacha gurudumu moja la meno, la kati. Nyuma akafunga moja tu, pana kama kisahani, la meno ishirini na manne. Kwa maneno mengine, aliifunga gia ya wajawazito moja kwa moja.

"Baba, umemaliza gia zote!" mkwe alilia.

"Ishirini na moja za nini, mwanangu? Mtu kama wewe gia moja inamtosha."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mkwe akatanua kifua.

"Ila kwenye tambarare usikimbie," fundi akaongeza. "Nguvu ziweke za mlimani."

Jumatatu wale watano walimpita mkwe kwenye tambarare wakicheka. Mlimani walisimama juu ya pedali, mishipa ya shingo imetoka kama kamba, wakiyumba huku na huku. Mkwe akawapita amekaa kitako, miguu ikizunguka taratibu. Walitafuta kishikio cha gia ili wamzomee, hawakukiona. Mtu asiye na gia utamwambia ametumia gia gani? Mikate ilifika ya moto, robo saa kabla ya chai.

Wiki mbili baadaye uvimbe ulipungua, na mdomo ukavimba badala yake. "Gia moja tu!" mkwe aliwaambia wenzake mbele ya kibanda. "Nyinyi ni walegevu. Mnategemea machuma."

Binti wa fundi, aliyekuwa ameleta chai, aligeuza uso upande wa ukuta, mabega yakitetemeka.

Jumamosi walikuja watatu kati yao, wamezishika baiskeli zao kwa unyenyekevu. "Fundi, zing'oe zote. Tuwekee moja, ya wanaume, kama ya mkweo."

Fundi akawatazama mmoja mmoja, uso mkavu kama wa mtu aliye msibani. Akachukua spana.

"Pangeni foleni," alisema, "waungwana."

Jioni ile alipiga magoti kusali muda mrefu kuliko kawaida. Binti yake alimsikia akimwomba Mungu awahurumie wajinga. Kisha akamwomba amhurumie na yeye, maana alikuwa bado anawacheka.