Nyumbu wa Askofu Gaudenzio

Ersilia Tammaro alikuwa mchoraji wa mikokoteni hapa Roccaspina, kama baba yake. Hakuwahi kuchora nembo mpaka Gaudenzio, mwana wa Mzee Nunzio mchukuzi wa kuni, alipofanywa askofu. Askofu lazima awe na nembo yake, naye akaleta barua: achorwe nyumbu amebeba kuni, ndiye baba yake, chini mawimbi, ndio mto aliovuka kwenda shule, juu nyota, ndiye Bikira Maria. Tena akataka Ersilia ndiye aichore.

Mwanamke yule alikosa usingizi kwa furaha. Alichora wiki tatu.

Asubuhi ya mapokezi tulikuwa tukiutundika ubao wa nembo juu ya mlango wa kanisa, mimi nimeshika ngazi, mara Padre Liborio akapiga kelele.

"Ersilia! Nyumbu anakimbia!"

"Anakimbia wapi, Padre? Si amesimama?"

"Nembo ni ngao, na ngao ina mwenyewe nyuma yake, mama wee! Mbele ni upande wa mkono wake wa kulia. Sisi huku tumwone mnyama akielekea kushoto. Wako kaelekea kulia, kama anayekimbia vita. Umemchora askofu mwoga!"

Ersilia akajishika kichwa. Ubavu wa kulia wa mkokoteni ndio aliozoea, na hapo mnyama huelekea kulia, mbele ya safari.

"Ushusheni," akasema Padre. "Tutatundika shada la maua."

"Wiki tatu zangu, Padre!"

Kengele zikaanza. Gari la askofu lilikuwa limefika darajani! Ersilia akaingia kanisani mbio, akatoka mbio zaidi.

"Wale simba wawili wa mawe kando ya altare, si kila mmoja kaelekea upande wake?"

"Wanaielekea altare. Ni heshima, mnyama haipi altare mgongo…" Padre akanigeukia. "We mzee, unangoja nini? Sogeza ngazi! Kushoto mwa mlango!"

Tukagongelea misumari kama wendawazimu. Ubao ukakaa kushoto, na nyumbu akawa anauelekea mlango, anaingia kanisani na kuni zake.

Askofu akashuka, akautazama. Mzee Nunzio ndiye aliyesema kwanza, akimvuta mwanawe joho.

"Gaudè, tazama sikio lililolala! Ni Stellina, nyumbu wetu, huyo!"

"Ersilia yuko wapi?" askofu akauliza.

"Nipo hapa, Baba. Nilikosea upande."

Akacheka hadi kofia ikainama. "Mhuri wangu utafuata sheria. Huyu hapa asiguswe na mtu."

Watu wakapiga makofi. Kabla ya chakula cha mchana mwoka mikate alikwisha kumfuata Ersilia, anataka nembo yake mwenyewe: mkate na paka.

"Utaitundika upande gani wa mlango?" Ersilia akamwuliza. "Sema sasa hivi, kabla sijachovya brashi."